Re: Nimehamia Arusha, nimechoka chips mayai, nile wapi vyakula vya watu wengine?

Mkuu karibu Arusha, umeuliza swali zuri sana. Mi ningeanza na kwa Khan pale mtaa wa Mosque, mchana ni gereji na spea za magari ila jioni wanawasha mkaa, kuku, mishkaki, naan, na pembeni masaladi na machatne unajipakulia mwenyewe, nenda na njaa aisee.

Halafu tafuta mgahawa wa Kihabeshi, yaani wa Ethiopia. Injera ni kama chapati laini yenye vitundu, unga wa teff, nafaka yao ndogo sana, unaachwa siku kadhaa uchachuke ndo maana ina uchachu, usishtuke, inakuja kwenye sinia moja mnakula wote kwa mkono wa kulia, kijiko hamna, unamega injera unachotea mchuzi. Kama hujazoea omba shiro kwanza, ni uji mzito wa unga wa dengu, unateleza vizuri mno. Na Jumatano na Ijumaa Waorthodox wa kule wanafunga, hawagusi nyama wala maziwa, kwa hiyo mgahawa wao ukiuliza chakula cha mfungo unaletewa dengu, kabichi, mboga za majani, vyote sinia moja, mi hapo huwa nasahau nyama kabisa.

Ila mkuu usiruke vya hapa hapa, loshoro ya Waarusha, mahindi yaliyokobolewa na maziwa mgando, ulizia kwa mama ntilie sokoni asubuhi. Mtori nao wa kwetu Uchagani, supu nzito ya ndizi na nyama, ule ukiwa wa moto, ukipoa unaganda.