Kabla Hujamwimbia Mwalimu Wako Aliyefariki

Mzee aliyenifundisha gitaa alipofariki, nilimtungia wimbo usiku uleule. Ulijaa "nguli", "mbuyu umeanguka" na "pengo lisilozibika". Nikampigia mwenzangu tuliyelelewa naye kimuziki. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Kaka, huyu unayemwimba ni nani?"

Iliniuma, lakini alisema kweli. Ungebadilisha jina tu, wimbo ule ungemfaa marehemu yeyote.

Kwa hiyo sifa ziweke kando kwanza. Chukua karatasi uandike aliyokuwa akiyafanya mazoezini: alivyokaa, alichokukataza, neno alilopenda kulirudia. Mzee wetu hakuvumilia mtu abane waya uliopigwa mwisho kabla haujanyamaza. Alikuwa anakushika kiganja taratibu na kusema, "Uache ufe wenyewe." Tulikaa kimya sote, vidole hewani, hadi sauti iishe kabisa. Maneno yale matatu ndiyo yaliyokuja kuwa kiitikio chetu, na sikuhitaji tena mbuyu.

Tulikuwa wanafunzi sita, na kila mmoja alitaka ubeti wake, tena wa kwanza. Tukagombana, wimbo ukakwama wiki tatu. Msifike huko. Mmoja aimbe beti zote, wengine muitikie, na majina yenu yatajwe humohumo. Ni jambo la kale: mtunzi wa Ulaya Johannes Ockeghem alipofariki mwaka 1497, mtunzi mwenzake Josquin des Prez alimtungia ombolezo la sauti tano, na ndani yake wanatajwa watunzi wengine watatu pamoja na Josquin mwenyewe, wavae nguo za msiba. Nikilisikia nawaona watu wamesimama pamoja kaburini.

Maneno yakigoma, usiyalazimishe. Mpiga saksofoni wa jazi Lester Young alifariki Machi 1959, na Mei mwaka huohuo mpiga besi Charles Mingus alimrekodia maombolezo ya ala tupu, bila hata neno moja.

Jambo ambalo hakuna aliyenionya ni koo. Kilio hukaza koo, na noti za juu ulizozizoea zinakukimbia. Shusha kii, yaani kimo cha sauti cha wimbo mzima, kwa toni moja au hata moja na nusu, kisha uimbe kila siku mpaka ufike mwisho bila kukatika. Ukilia mazoezini, lia. Studio hutapata nafasi hiyo.

Familia isikie wimbo kabla ya watu wengine. Sisi tulimpelekea mjane wake, akatuomba tuondoe mstari uliotaja ugonjwa. Tuliuondoa palepale, bila kubishana. Na mkitaka kutumia sauti yake iliyorekodiwa au melodi yake, ombeni ruhusa kwa wenye haki. Chini ya Mkataba wa Berne, makubaliano ya kimataifa ya hakimiliki, haki ya mtunzi kwa kawaida hudumu angalau miaka 50 baada ya kifo chake, kwa hiyo ile kauli ya "alikuwa mwalimu wetu" haitoshi. Mapato nayo yaandikwe mapema, nani anapata nini, kabla wimbo haujatoka. Nimeona wanafunzi wa mwalimu mmoja wakiacha kusalimiana kwa sababu ya hilo.

Siku ya kurekodi, fundi mitambo alitaka kuukata mwisho ili wimbo usizidi dakika nne. Tulimsihi asiuguse. Ukisikiliza kwa spika nzuri, waya unapokwisha kunyamaza, utamsikia mmoja wetu akivuta pumzi.