Maswali na Majibu: Krapi wa Chini ya Magati

Maswali ya safari hii karibu yote yanatoka Georgia, Marekani, kwa ndugu zetu wa Clarkston na Atlanta walioanza kwenda Ziwa Lanier kuvua krapi, samaki wa maji baridi wa Amerika, kwa kurusha jigi (ndoano yenye kichwa kizito) chini ya magati ya boti. Nafurahi kuona watu wetu wakishika fimbo. Yako mambo mawili matatu, hata hivyo, ambayo lazima niyaseme hata kama hamkuyauliza.

Mwalimu, jigi ya rangi gani inakamata zaidi?

Swali hili halikosi kuja. Maji yakiwa na tope, tumia rangi kali kama njano ya kijani. Yakiwa maangavu, tumia nyeupe au kijivu. Imetosha. Krapi aliyetulia kivulini katikati ya gati hawezi kupenda wala kuchukia rangi ya jigi iliyoangukia nje juani.

Kaka, kila nikirusha, jigi inagonga ukingo wa gati au inaruka juu. Je, ninunue fimbo ndefu zaidi?

Usinunue kitu. Fimbo ndefu itakuongezea shida, maana lazima ncha yake ishuke karibu igusane na maji. Futi 5 hadi 6 zinatosha, mradi ncha iwe laini ya kupinda. Weka mshipi wenye nguvu ya ratili 4 au 6, wa rangi inayoonekana vizuri, na jigi ya aunsi 1/32 au 1/16 yenye chambo chembamba cha plastiki cha inchi 2. Plastiki yenye mikia mingi hukwama juu ya maji badala ya kuteleza.

Sasa mikono. Acha mshipi uning'inie kutoka ncha ya fimbo hadi karibu na rili, yaani kigurudumu cha kukunjia mshipi. Fungua waya wa rili unaozuia mshipi usitoke, ubane mshipi kwa kidole cha shahada cha mkono ulioshika fimbo. Kwa mkono wa pili shika jigi kichwani, ncha ya ndoano ikitazama nje, mbali na nyama ya kidole. Elekeza fimbo kwenye upenyo ulio kati ya maji na sakafu ya gati, vuta jigi nyuma mpaka fimbo ipinde, kisha achia. Jigi itangulie, kidole cha mshipi kifuate papo hapo. Ukikiwahisha, fimbo inapoteza nguvu na jigi inaanguka miguuni pako. Ukikichelewesha, jigi inageuka na kukurudia usoni, kwa hiyo vaa miwani. Sibembelezi mtu katika hilo. Jicho halina akiba.

Jigi ikitoka chini na bapa, itapiga maji na kudunda mara mbili tatu kama kijiwe cha watoto, halafu ipotelee gizani. Huko ndiko unakokutaka. Jifunzie nyumbani: kata ncha ya ndoano kwa koleo, weka meza uani, rusha chini yake mpaka mkono uzoee. Anayekwenda kujifunzia ziwani anararua maturubai ya boti za watu.

Linalonikera zaidi ni linalofuata baada ya hapo. Mtu anarusha vizuri kabisa, jigi inafika ndani, naye anaanza kuzungusha rili sekunde ileile! Iache izame. Krapi hutazama juu na huinuka kufuata chakula. Mara nyingi hukamata jigi inaposhuka polepole, na hutasikia kitu mkononi. Tazama mshipi. Ukiruka kidogo, ukienda pembeni, au ukisimama kabla ya wakati wake, samaki yuko. Inua kifundo cha mkono tu. Mdomo wa krapi ni ngozi nyembamba. Ukivuta kwa hasira, unauchana na kumpoteza.

Lanier ina magati maelfu. Nianze na lipi?

Magati ya Lanier yanaelea, kwa sababu kina cha maji hupanda na kushuka. Usihangaike na uzuri wa gati. Tafuta lililo karibu na maji ya kina, lenye kivuli kipana, na hasa lenye vishikio vya fimbo au taa zinazoelekezwa majini. Mwenye gati la namna hiyo ni mvuvi, na mara nyingi amezamisha matawi ya miti chini yake. Siku ya jua kali ni bora kuliko ya mawingu, maana jua huwasukuma samaki wakusanyike kivulini. Majira ya kuchipua, maji yakifika nyuzi 16 hadi 20 za Selsiasi, wengi huenda kwenye maji mafupi kutaga. Usishangae gati lililokupa samaki Januari likiwa tupu Aprili. Dakika kumi bila dalili, hama.

Jigi zangu hunasa chini ya gati. Naogelea vizuri, nimekulia Mombasa. Naweza kuruka nikazitoe?

Usithubutu. Nasema hivi kwa msisitizo wote nilio nao. Magati mengi yana umeme wa taa na wa mashine za kuinulia boti. Waya ukiharibika, umeme huvuja majini bila cheche wala sauti. Maji baridi yasiyo na chumvi hupitisha umeme vibaya kuliko mwili wa binadamu, basi umeme hupita mwilini. Misuli inakaza na muogeleaji hodari anazama. Baharini Mombasa chumvi hupunguza sana hatari hiyo, ndiyo maana hukuizoea. Lanier kwenyewe, Julai 2023, mtu alifariki baada ya kuruka majini kutoka kwenye gati. Kata mshipi. Na ukimwona mwenzako anatetemeka majini karibu na gati, usimfuate: zima umeme kwanza, mtupie boya, piga 911, namba ya dharura.

Mwenye gati alinifukuza. Maji si ya umma?

Maji ni ya umma, gati ni mali yake. Usikanyage gati, usifunge boti hapo, usirushe jigi kati ya boti yake na kamba zake. Watu wakiwa wamekaa juu ya gati, salimia upite. Huna unachopoteza, na anayekuja nyuma yako hatapokewa kwa matusi.

Lazima niwe na leseni? Sisi tunavua wa kula tu.

Ndiyo, kuanzia miaka 16, hata ukivua mmoja wa kula.

Tunaruhusiwa krapi wangapi?

Georgia ni 30 kwa mtu kwa siku. Ukienda Lake of the Ozarks kule Missouri ni 15, na kila mmoja asipungue inchi 9. Kwa hiyo soma sheria ya jimbo ulilopo. Lakini 30 ni kikomo, si deni unalopaswa kulipa. Magati yaleyale huvuliwa na watu wengi, na wakati wa baridi krapi hujazana mahali pamoja. Tena ukimtoa kwenye kina kikubwa, futi 30 hivi, kibofu chake cha hewa hutanuka, na ukimrudisha hufa mara nyingi. Kwenye kina hicho usivue kwa kujifurahisha na kuachia. Chukua wa chakula cha nyumbani, kisha uache.

Niko Mwanza. Mbinu hii itakamata sato?

Hapana. Sato mkubwa kwa kawaida hafukuzi jigi. Afrika Mashariki pa kuijaribu ni Ziwa Naivasha, Kenya, kwa samaki aitwaye besi mwenye mdomo mkubwa. Aliletwa huko kutoka Amerika mwishoni mwa miaka ya 1920, ni wa ukoo mmoja na krapi, naye hupenda kivuli vilevile. Ila ana nguvu: tumia mshipi wa ratili 10 au 12 na jigi nzito zaidi. Naivasha ina viboko. Nenda na mwenyeji anayejua wanakolala, na usisogeze boti kwenye mafunjo asubuhi wala jioni.