Mbaazi zipokelewe kabla ya mnada

Swali la wiki liliuliza: je, shule ya msingi ya kijijini Mtwara au Lindi inaweza kuwapikia watoto chakula cha mchana mwaka mzima kwa mazao ya kijiji hicho hicho, bila kungoja mahindi ya kununua kutoka mikoa mingine? Inaweza. Ila wengi wakisikia swali hili hukimbilia shamba la shule, na hapo ndipo hesabu inapowashinda.

Chukua shule ya watoto 300. Kila mtoto mpigie gramu 40 za mbaazi kavu na gramu 120 za unga. Kwa siku ni kilo 12 za mbaazi na kilo 36 za unga. Kwa siku 194 za masomo, mbaazi peke yake zinafika kilo 2,328, magunia 23 na ushee. Ekari moja ya mbaazi zilizochanganywa na mahindi, kwa jembe la mkono, ikitoa kilo 250 mtu hushukuru. Kwa hiyo shule inatafuta ekari tisa na zaidi, na palizi yake ataifanya nani? Watoto, tena saa za masomo. Sasa gawa mzigo huo huo kwa kaya 200 za kijiji: kila kaya inatoa kilo 12, debe lisilojaa. Mahindi ya dona ni kama kilo 35, debe mbili. Shule ibaki na bustani ya mboga na minazi yake, inatosha.

Kinachoangusha mipango mingi ni kalenda. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Mahindi yanaingia ndani Mei na Juni, mbaazi zinavunwa Agosti hadi Oktoba. Zikishapelekwa chama cha msingi cha ushirika na kuingia ghalani kungoja mnada, hazirudi tena. Halafu kamati inaitisha michango Februari, wakati nyumbani hakuna kitu na watu wako kwenye palizi! Makubaliano yafanyike kwenye mkutano wa wazazi wa Juni, mahindi yapokelewe hapo hapo, mbaazi zipokelewe zinapotoka kupurwa. Pimeni kwa mizani, maana debe la huyu si debe la yule, na mzazi aone kilo zake zikiandikwa daftarini. Asiyekuwa nazo apangiwe kuni au maji. Mtoto wake asiguswe.

Kuomba mbaazi badala ya fedha kuna faida nyingine. Mwaka 2017 India ilipoweka ukomo wa mbaazi inazoagiza, bei huku kwetu iliporomoka. Mchango wa shilingi unayumba na bei, lakini kilo 12 kwenye sufuria zinabaki kilo 12.

Adui mkubwa ni fukusi. Hutaga mayai kwenye maganda mbaazi zikiwa bado shambani, kwa hiyo mnaingia naye stoo bila kumwona. Baada ya miezi mitatu mnakuta kila punje ina tundu na chini ya gunia kuna vumbi. Tumieni mifuko isiyopitisha hewa, ile yenye nailoni mbili ndani na kiroba nje. Kwanza hakikisheni mbaazi zimekauka: tieni chumvi kavu kwenye chupa kavu ya kioo, ongezeni mbaazi hadi nusu ya chupa, tikiseni dakika moja au mbili, acheni zitulie robo saa. Chumvi ikigandia kwenye kuta za chupa, rudisheni mbaazi juani. Zikikauka, jazeni nailoni ya ndani kidogo kidogo mkishindilia, kamueni hewa, sokoteni mdomo, ukunjeni na kuufunga kwa kamba. Fanyeni hivyo kwa nailoni ya pili, kisha kiroba. Pangeni juu ya chaga, mbali na ukuta, na msifungue kabla ya miezi miwili. Wadudu hufa kwa kukosa hewa, na mwenye pupa ya kuchungulia kila wiki anawarudishia pumzi. Panya akitoboa nailoni, mfuko huo ndio utangulie jikoni.

Jikoni, mbaazi zilowekwe tangu jioni. Mwageni maji ya kulowekea, chemsheni kwa maji mara tatu ya mbaazi, na chumvi na tui viingie zikishaiva. Wapishi wengine hutia magadi ili ziive haraka. Zinaiva kweli, lakini vitamini B inapotea, na ladha inakuwa ya sabuni. Kuloweka kunaokoa kuni kuliko magadi. Nazi 15 zinatosha sufuria ya watoto 300. Masasi na Nachingwea, ambako nazi ni ghali, karanga zilizotwangwa zinafanya kazi hiyo. Karanga zilizosinyaa au zenye ukungu zitupwe, zisitwangwe, kwa sababu ya sumukuvu, yaani sumu inayoletwa na ukungu.

Muhogo unahitaji uangalifu kuliko chochote. Ugali wa muhogo ni chakula chetu na sioni sababu ya kuuonea haya shuleni, lakini muhogo mchungu una sumu ya sianidi, na mwaka wa ukame sumu huzidi. Mkoa wa Mtwara umewahi kupata konzo, ugonjwa unaopoozesha miguu ghafla na usiopona, ukiwashika zaidi watoto na kina mama waliokula muhogo mchungu bila mboga ya maana. Kuvundika siku tatu majini huondoa sumu vizuri, lakini huko juu kwenye uwanda wa Makonde maji ni ya kununua, kwa hiyo watu humenya, huanika makopa na kutwanga. Jua peke yake halitoshi.

Dawa yake ni nyepesi. Tia unga kwenye beseni, sawazisha, weka alama ulipofika. Ongeza maji ukikoroga: unga utashuka kwanza, halafu utapanda, ukirudi kwenye alama, acha. Tandaza kwenye mkeka, unene usiozidi sentimita moja, kwa muda wa saa mbili juani au saa tano kivulini. Sumu hutoka kama hewa. Unga huo upikwe siku hiyo hiyo, ukilala unachacha. Kwa kilo 36 mnahitaji mikeka mitatu au minne ya mita mbili kwa moja. Mkianika saa mbili asubuhi, saa nne mnaukusanya, saa tano uko jikoni. Kosa la kawaida ni kuurundika unene wa vidole vitatu kwa sababu mikeka haitoshi. Chini hapo hakuna kilichotoka. Siku ya mawingu pikeni dona. Na ugali wa muhogo usitoke jikoni bila mbaazi au kunde, kwa kuwa ni protini inayousaidia mwili kuiondoa sumu iliyobaki.

Kuhusu mboga sina mengi. Matembele yapandwe panapomwagika maji ya kunawia, mlonge uzunguke uwanja kwa kuwa unavumilia mchanga na kiangazi, majani ya kunde yachumwe masika na kukaushwa kivulini. Mchicha wa kumwagiliwa Septemba, mahali ambapo maji yanakuja kwa baiskeli, ni wa kupigia picha mgeni.

Ila angalieni bustani iko wapi. Kuanzia Mei au Juni mikorosho inapuliziwa salfa dhidi ya ugonjwa wa ubwiri unga, na dawa nyingine dhidi ya wadudu waitwao mbu wa mikorosho, na upepo haujui mpaka wa shule. Mboga iliyo jirani na shamba linalopuliziwa isichumwe wiki hizo. Na siku ya kupokea mbaazi lazima atatokea mzazi mwenye nia njema, ndoo yake imetoboka, kazibeba ndani ya kiroba kilichokuwa na salfa. Mzigo huo usimwagwe kwenye lundo la wengine, hata akiapa kwamba alikiosha mara mbili.