Mawaridi ya pinki na kanga ya zambarau

Swali: Shikamoo shangazi. Mchumba wangu kaniletea mawaridi ya pinki, mama yake kanga ya zambarau. Rangi hizi zina maana gani? Msomaji, Wete.

Jawabu: Marahaba mwanangu. Kwa Wazungu waridi jekundu ni mahaba, la pinki ni shukrani na upole. Zambarau ilikuwa ya wafalme, maana zamani ilitolewa kwa konokono wa baharini, ikawa ghali mno. Kwetu ni lile tunda linalopaka ulimi rangi. Lakini kanga haisemi kwa rangi, soma jina lake, yale maneno yaliyoandikwa juu yake! Waridi mimi nalitaka kikubani, kile kishada cha maua ya kunukia, na asumini na mrehani. Mama alinibania nyweleni, mto ukanukia hadi asubuhi. Yako yakinyauka usiyatupe, yatie kabatini baina ya nguo.