Kuruka visiwa vya Karibi kwa ndege ndogo: anza na mizani ya bafuni

Tulipanga visiwa tisa kwa siku nane. Tulitua kwenye vitano, na siku mbili kati ya hizo nane tulizimaliza barazani kwenye nyumba ya wageni Providenciales, kisiwa cha Turks na Caicos, tukinywa chai na kutazama mawingu. Nimeulizwa mara nyingi na Waswahili wenzangu wa hapa Florida, hasa vijana wanaosomea urubani, hiyo safari inaendaje. Haya ndiyo ninayowaambia.

Ndege yetu ilikuwa Cessna 182 ya klabu, injini moja, viti vinne. Tulikuwa watatu: mimi, mwenzangu wa Mombasa ambaye naye ni rubani, na mkewe. Mtu akiona viti vinne anahesabu watu wanne. Msihesabu viti, hesabuni kilo. Tangi zikijaa, mafuta peke yake ni karibu kilo 240, na ndege yetu inaruhusiwa kubeba kama kilo 500, mafuta yakiwemo. Sisi watatu tulikuwa 227. Boti ya kupuliza 14. Maji, dawa na vikorokoro vingine 8. Zikabaki kilo 11 za mizigo ya wote.

Shemeji akaja na sanduku la magurudumu. Nilikuwa nimebeba mizani ya bafuni kutoka nyumbani, nikaiweka pale pale chini ya bawa. Ikasoma 23.

"Shemeji, hili haliingii."

"Kilo 23 ndiyo ya ndege zote, shem. Hata ya kwenda Nairobi ni hiyo hiyo."

Tukalifungua juu ya lami. Viatu jozi tatu, pakiti mbili za unga wa sembe (Karibi kuna ugali gani, aliuliza, na kweli sikuwa na jibu), na pasi. Pasi ya nguo, si ya kusafiria. Ndege iliondoka bila sanduku. Nguo zake zilihamia kwenye mfuko laini wa kanga, na ikawa afadhali kwetu sote, kwa sababu begi laini unalisokomeza mahali sanduku halipiti. Ungeweza kupunguza mafuta ubebe sanduku, ndiyo. Mimi sipunguzi mafuta kwa ajili ya viatu.

Na kuhusu mafuta. Ndege nyingi ndogo zinatumia petroli ya ndege, ile ya rangi ya buluu, siyo mafuta ya jeti. Visiwani jeti ndiyo wateja wenyewe, kwa hiyo kiwanja kinaweza kuwa na mafuta tele na yako yasiwepo. Kwenye kiwanja kimoja, ambacho jina nalihifadhi, tuliambiwa kwa simu "yapo". Tulipotua, yaliyokuwepo ni ya jeti. Kijana wa pampu hakudanganya, mimi ndiye sikuuliza vizuri. Toka siku hiyo nauliza aina kwa jina, nauliza asubuhi ile ile ya safari, na siondoki popote bila mafuta ya kunirudisha mahali pa mwisho nilipoyaona kwa macho yangu. Wakati wa kujaza nasimama pembeni ya bawa hadi mwisho. Mafuta ya jeti yakiingia kwenye tangi la injini ya petroli, injini inaweza kuwaka, ukaruka, halafu ikazimika ukiwa angani.

Wengi wanaogopa bahari. Sisemi msiiogope. Kutoka Fort Pierce, hapa Florida, ambako marubani wengi huanzia, ukishaacha ufukwe utasikia injini imebadilika sauti. Haijabadilika, ni masikio yako. Lakini fanyeni hesabu: kwa futi 9,000, ndege kama yetu injini ikizima itaelea kama kilomita 25 kabla ya kugusa maji. Kwa hiyo panda juu kadiri mawingu yanavyoruhusu, na kila wakati ujue kisiwa kilicho karibu kipo upande gani. Bahamas ni rahisi kwa hilo, visiwa vimetapakaa. Ukitoka Exuma, huko huko Bahamas, kwenda Turks na Caicos, na baadaye kuvuka kwenda Jamhuri ya Dominika, kuna vipande virefu ambako hakuna kitu chini ila maji.

Jaketi la kuokolea maisha livaliwe tangu injini haijawashwa. Likiwa mfukoni nyuma ya kiti halina maana, hutapata muda wa kulivaa. Na usilipulize ukiwa ndani ya ndege, litakubana dhidi ya dari ushindwe kutoka. Boti ya kupuliza ikae mahali ambapo mkono unafika. Kile kifaa kidogo cha dharura kinachotuma ishara kwa setilaiti kwenye masafa ya megahezi 406 kifungwe kwenye mwili wako, si kwenye begi, na kisajiliwe kwa jina lako. Wiki mbili kabla ya safari tulikodi boti ya mazoezi, tukaitupa kwenye bwawa la kuogelea la mtaani kwetu, tukajaribu kupanda. Shemeji alifaulu mara ya tatu, mimi mtoto wa Tanga niliyekulia pwani nikafaulu mara ya nne. Watoto wa jirani walicheka hadi wakakaa chini. Hilo lilikuwa bwawa lisilo na wimbi.

Kilichotuchosha kuliko bahari ni makaratasi. Ndege binafsi inayotoka au kuingia Marekani lazima itume orodha ya waliomo kwa forodha kupitia mfumo unaoitwa eAPIS, angalau dakika 60 kabla ya kuondoka, na uwe umepata kibali. Unatuma ukitoka, unatuma tena ukirudi. Faini ya kosa la kwanza ni dola 5,000, kwa hiyo msiseme intaneti ya kisiwani ilikuwa mbovu. Tumeni mkiwa bado hotelini penye mtandao. Kurudi unapaswa pia kuipigia forodha ya kiwanja unachoingilia, na mpango wa safari uwe umefunguliwa kabla hujaikaribia anga ya Marekani. Rubani awe na kibali cha redio cha kimataifa, ambacho ukishakilipia hukirudii maisha yako yote. Wenye leseni ya Kenya au Tanzania wanaweza kuomba cheti cha Marekani kinachotegemea leseni ya kwao, ila uhakiki unachukua muda, msianze mwezi wa safari.

Pasipoti ni habari nyingine. Wenzetu wenye pasi ya Marekani wanaingia kila mahali wanapiga miluzi. Mimi natumia ya Tanzania, ikabidi nikague kisiwa kimoja kimoja, kwa sababu Karibi si nchi moja. Jirani wa huyu ni Mwingereza, wa yule ni Mholanzi, anayefuata ni Mfaransa. Na ukiwa na viza ya Schengen usijidanganye: visiwa vya Ufaransa kule havimo ndani ya Schengen, mpaka viza yenyewe iseme inakubalika huko.

Bima isomeni neno kwa neno. Yetu ilikata Kuba na Haiti waziwazi, na klabu nyingi haziruhusu kwenda mbele ya Bahamas bila barua ya ruhusa. Na fedha: kama una leseni ya rubani binafsi tu, marafiki hawawezi kukulipa nauli. Mnagawana mafuta, na wewe rubani unatoa fungu lako sawa na wengine. Cessna ile inakunywa kama lita 50 kwa saa, kalamu mnayo.

Sasa upepo. Sisi wa pwani tumezoea kaskazi na kusi, nusu mwaka huku, nusu mwaka kule. Karibi upepo unatoka mashariki karibu mwaka mzima, na visiwa vimejipanga kuelekea kusini mashariki. Kwenda ni upepo wa mbisho mtindo mmoja. Kipande nilichopiga hesabu ya saa mbili kilikula karibu mbili na nusu. Hiyo nusu saa inauma zaidi ya inavyoonekana, maana Bahamas hairuhusu kuruka kwa kutegemea macho baada ya jua kuzama. Visiwa vikipata joto la mchana, mawingu yanavimba juu yake. Tukawa tunaondoka saa moja asubuhi, na saa saba mchana ndege imeshafungwa kamba. Safari ya sehemu tatu kwa siku, ile tuliyoichora mezani, ikawa sehemu moja. Kati ya Juni na Novemba ni msimu wa vimbunga, sisi tulienda Machi.

Kwa hiyo visiwa vinne vikaanguka kwenye orodha: Puerto Rico, St. Thomas, Sint Maarten na Saint-Barthélemy. Hiki cha mwisho sikukijutia. Njia yake ya kurukia ni kama mita 650, unaingia kwa kushuka mlima na inaishia ufukweni, na rubani hatui pale bila kufuzu maalumu. Nilichojutia ni kutokaa zaidi Staniel Cay, kisiwa kidogo cha Exuma, ambako unatua, unafunga ndege mwenyewe, na unatembea kwa miguu hadi baharini. Jirani yake ndiko kwenye wale nguruwe wanaoogelea, watalii wanawafuata kwa boti. Ndugu zangu wa Pemba mtanisamehe, tulipita mbali. Maji ya Exuma ukiyatazama kutoka futi 3,000 unaona mchanga wa chini umepindapinda kama mikunjo ya shuka, na kivuli cha ndege yako kinakimbia juu yake.

Ningepanga upya, ningechagua visiwa vitatu vya Bahamas na siku nane zile zile, hasa kwa mtu wa mara ya kwanza.

Kurudi, upepo ulitusukuma mgongoni, tukafika Fort Pierce mapema. Unasogeza ndege hadi forodha, unazima injini, hakuna anayetawanyika hadi mtakapokaguliwa. Ofisa akauliza kama tuna matunda. Mimi nikasema hatuna. Shemeji akakohoa, akafungua ule mfuko wa kanga, akatoa maembe sita ya Puerto Plata, kule Jamhuri ya Dominika, ambayo kwenye mizani yangu asubuhi yalipita kama "nguo chafu". Aliyakabidhi kwa uchungu kuliko alivyoacha ile pasi ya nguo.