Kabla Hujahama na Kamera Yako

Juzi kijana mmoja wa hapa Pangani kaniandikia: "Kaka, nahamia Dar. Huku hakuna cha kupiga." Nimeusoma ujumbe ule mara tatu, maana maneno hayohayo niliwahi kuyasema mimi, tena kwa kujigamba.

Nilikuwa Japani, nasomea kilimo cha nchi kame katika Chuo Kikuu cha Tottori. Kila likizo nilipanda basi la usiku kwenda Tokyo kupiga taa na umati. Nikampelekea mhariri mmoja picha zangu. Akazipekua upesiupesi, akauliza: "Unakaa wapi?" Tottori. "Mbona humu Tottori siioni?" Liliniuma lile neno, na bado linaniuma.

Mwenzangu wa darasani ndiye aliyenipeleka Hōki, chini ya mlima Daisen, kwenye makumbusho ya mpiga picha Shoji Ueda. Mzee huyu alizaliwa Sakaiminato, mkoa huohuo wa Tottori, mwaka 1913. Mwaka 1932 alikwenda Tokyo kusomea upigaji picha, miezi michache tu, akarudi kwao na kufungua studio akiwa na miaka 19. Hakuhama tena hadi alipofariki mwaka 2000. Riziki aliipata studio. Picha za moyo wake alizipigia mchangani, na waliosimama mbele ya kamera ni mkewe, watoto wake, majirani.

Mbele ya picha moja ya mwaka 1949 nilisimama hadi mwenzangu akatoka nje kunisubiri. Mchanga mtupu, anga tupu, baba, mama kavaa kimono, watoto wamepangwa mstari mmoja. Basi. Na matuta ya mchanga ya Tottori, aliyoyapiga miaka nenda miaka rudi, yalikuwa pua na mdomo na kituo chetu cha utafiti! Kila wiki nilikuwa nayakanyaga, kamera nimeiacha bwenini.

Niliporudi Pangani nilikwenda kwa fundi mmoja wa mashua, rafiki wa marehemu baba. Siku ya kwanza nikapiga picha 200. Akazitazama, akasema: "Mwanangu, umenipiga mimi nimesimama. Kazi yangu hukuipiga." Nikakaa naye. Wiki ya tatu ndipo nilipoona anavyotia kalafati: anasokota pamba juu ya paja kwa kiganja, anaichovya mafuta, anaipigilia kwenye mwanya wa mbao huku kainamisha sikio, mpaka mlio ubadilike. Picha hiyo ninayo, na sijaona mwingine aliyeipiga.

Kwa hiyo mdogo wangu, kaa. Anza na watu wanaomjua mama yako kwa jina. Rudi kesho, rudi na keshokutwa. Wakikuchoka, rudi tena. Kipaji bila kukaa ni bure, na wengi wenu mnakimbia hata kahawa ya jirani hamjainywa.

Jumamosi fundi anaishua mashua yake, maji yakijaa. Nitakuwa pale tangu alfajiri. Kama basi lako halijaondoka, njoo.