London ya kale kwa mfuko mwembamba

Ndugu yangu, umeuliza kama siku tatu na fedha kidogo zinatosha kuona mambo ya kale ya London. Zinatosha, mradi ukubali kutembea sana kwa miguu na kuchagua mlango mmoja tu wa kulipia.

Anzia British Museum, iliyofunguliwa kwa umma mwaka 1759 na ambayo hadi leo haitozi kiingilio kwa maonyesho yake ya kudumu. Nenda moja kwa moja kwenye Jiwe la Rosetta, bamba la mawe kutoka Misri ya kale, kabla watu hawajajaa, kwani ukilisogelea utaona tamko lilelile limechongwa kwa namna tatu: juu hieroglifi, yaani maandishi ya picha ya Wamisri, kati maandishi ya kidemotiki, yaani mwandiko wao wa kila siku, chini Kigiriki.

Kanisa la Westminster Abbey huwatoza watalii fedha nyingi, lakini anayekwenda kusali halipi. Kwa hiyo hudhuria ibada ya jioni, uketi kimya na kuisikiliza kwaya chini ya dari lile refu la mawe. Hutaruhusiwa kuzunguka makaburi ya wafalme, na kusema kweli si adabu kuigeuza ibada kuwa ujanja wa kukwepa tiketi.

Mlango wa kulipia, kwa maoni yangu, uwe Tower of London, ngome ya kale ambayo mnara wake mweupe ulianza kujengwa enzi za mfalme William Mshindi, katika karne ya 11. Ukichoka kutembea, kumbuka kuwa mabasi ya London hayapokei fedha taslimu. Lipa kwa kadi, nawe utaweza kubadili mabasi ndani ya saa moja kwa nauli ileile.